Mgonjwa Mmoja, Murwaza Mmoja

Ninapowafundisha vijana kuchora michoro ya programu za kompyuta, kuna mahali sauti yangu inakwama, na wao wanadhani nimechoka. Mahali penyewe ni padogo. Unachora kisanduku, ndani yake unaandika "Mgonjwa". Unachora kingine pembeni, unaandika "Daktari". Unavuta mstari kuviunganisha. Halafu kwenye kila ncha ya mstari unaandika ni wangapi wanaoweza kuunganishwa. Ukiandika 1, ni mmoja tu, hazidi wala hapungui. Ukiandika nyota, ni wengi wasio na kikomo. Ukiandika 0..1, huenda yupo, huenda hayupo, ila wawili hawaruhusiwi. Basi, somo limekwisha. Vijana wananakili haraka haraka ili tufike kwenye kuandika programu yenyewe, maana huko ndiko kwenye raha. Nawaambia ngojeni, tukae hapa kwanza. Wananiona mzee msumbufu, na mi bado sijafika hata miaka arobaini.

Nilikuwa kama wao, tena nilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nilikuwa hodari. Nilikuwa na ofisi ndogo na mwenzangu mmoja hapa Bujumbura, chumba kimoja ghorofani, feni inayolia, umeme unaokuja ukitaka. Siku moja hospitali fulani ya mjini ilituita. Sitaitaja, na wala haina kosa kubwa kuliko langu. Walitaka programu ya mlangoni, ya kuhesabu nani ameingia na nani ametoka, kwa sababu ya abarwaza.

Asiyeishi kwetu labda hajui jambo hili. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake, anaenda na murwaza. Neno ni la Kirundi, wakiwa wengi ni abarwaza, lakini hata sisi Waislamu wa mjini, tunaozungumza Kiswahili nyumbani, tunalitumia, maana hatuna jingine linalotosha. Murwaza ndiye anayempikia mgonjwa, anamfulia, anamwogesha, anakimbilia dawa zisizopatikana hospitalini, na usiku analala chini kwenye mkeka kando ya kitanda. Wauguzi ni wachache na wodi zimejaa, kwa hiyo bila murwaza mgonjwa hali, hanywi, hageuzwi. Na kazi hiyo ni ya zamu. Asubuhi yupo shangazi, mchana jirani, jioni anakuja mke wa kaka, wanapokezana termosi mlangoni na kuambiana mgonjwa amekula nini.

Wakubwa wa hospitali walikuwa wamechoka na zamu hizo. Walilalamika kwamba korido zimejaa sufuria, kwamba simu za wagonjwa zinaibiwa na watu wanaojiita ndugu. Walitaka kila murwaza awe na kadi yenye picha, mlinzi anaipitisha kwenye mashini, sura inatokea, mtu anaingia. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyepewa kazi rahisi. Nikachora kisanduku cha Mgonjwa na kisanduku cha Murwaza, nikavuta mstari, nikaandika 1 ncha hii na 1 ncha ile. Mgonjwa mmoja, murwaza mmoja. Mchoro ulikuwa msafi, na mi napenda usafi.

Nilipoupeleka kwenye mkutano, niliuchora upya ubaoni ili waone. Wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nyuma alikuwa ameketi muuguzi mmoja, mama mtu mzima, viatu vyake amevikanyaga visigino. Akanyoosha mkono.

"Na kama mama mugonjwa ameletwa na mutoto wake mwanaume," akasema, "nani atamuogesha?"

"Watabadilisha jina bilo, kwenye ofisi ya kadi," nikamjibu.

"Bilo inafungwa Ijumaa mchana mpaka Jumatatu."

"Basi wachague vizuri tangu mwanzo, mama."

Watu wakacheka, na mi nikacheka nao. Yeye hakucheka. Akasema, "Weka hata wawili." Nikamweleza kwamba nikiweka wawili leo, kesho watataka watatu, keshokutwa ukoo mzima, na kwamba namba isiyo na nguvu si namba. Nilichomeka na Kifaransa kidogo, kama tunavyofanya mikutanoni tukitaka kumnyamazisha mtu. Akakaa. Mkurugenzi akanipongeza mbele ya wote. Naandika haya uso wangu ukiwaka, lakini siku ile nilitoka pale najiona mtu wa maana kweli kweli.

Tulikuwa tunaishi mtaa wa Kinama, watu watatu: mimi, mama yangu, na mama mkubwa, yaani dada yake mama. Wote wawili walikuwa wajane. Mama mkubwa hakujaliwa mtoto, kwa hiyo walinigawana, na mi nilinufaika pande zote. Waligombana kila siku kuhusu chumvi, na kila siku walilala kitanda kimoja. Ukimwita mmoja, wanaitika wawili.

Mama alianza kuvimba miguu mwaka ule mashini zilipofungwa mlangoni. Daktari alisema ni moyo. Akapewa vidonge, akawa anapanda na kushuka, wiki nzuri, wiki mbaya. Mama hakuwa mtu wa kujidanganya. Siku moja tukiwa tumekaa sebuleni, dada yake yuko jikoni, alinishika goti.

"Mi nikiwa naenda," akasema, "dada yangu ndo awe karibu. Anitamkishe shahada. We hapana, we utaanza kulia, utanichanganya."

Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema, "Sikuombi uyapende. Nakuambia tu." Hakuwahi kuniomba kitu kingine kizito maishani mwake. Chakula alinipa, ada alinilipia, na ombi lake lilikuwa hilo moja.

Alizidiwa siku ya Alhamisi jioni. Tulipata gari la jirani lililobaki na mafuta kidogo, maana wakati ule petroli ilikuwa imepotea mji mzima, na tukampeleka kwenye hospitali ile ile. Kwenye kuandikishwa wakaomba kitambulisho cha murwaza. Mama mkubwa alikuwa ametoka mbio bila mkoba. Changu kilikuwa mfukoni. Nikasema andika mimi, kesho tutabadilisha. Binti wa kompyuta akanipiga picha, akanipa kadi. Niliishika, nikaona jinsi ilivyotoka vizuri, na nakiri kwamba kwa dakika moja nilijisikia fahari.

Ijumaa walimzungusha mama kutoka chumba cha vipimo hadi kingine, na mi ndiye niliyekuwa nasukuma kiti. Tulipomaliza, bilo ilikuwa imefungwa.

Sasa fikiria mimi, mwanaume mwenye ndevu, kwenye wodi ya wanawake. Mama alikataa nimwogeshe. Si kwa ukali, aligeuza uso tu ukutani. Aliyeniokoa ni murwaza wa kitanda cha pili, mama mmoja Mkristo kutoka mikoani, huko milimani, aliyekuwa akimlinda, yaani kumuuguza, mama mkwe wake. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini na mama walielewana kwa Kirundi. Hakusubiri kuombwa. Alinitoa nje kwa kidole, akavuta pazia, akamwogesha mama, akambadilisha, akamchana nywele. Jioni alimlisha uji kijiko kwa kijiko, mkono mmoja kwa mgonjwa wake, mkono mwingine kwa mama. Kadi yake ilikuwa imeunganishwa na mtu mmoja tu. Nilikuwa nimeketi pale kwenye beseni lililopinduliwa, namtazama, na mchoro wangu ulikuwa unanirudia kichwani mstari kwa mstari. Aibu niliyokuwa nayo nilidhani ndiyo yote.

Jumamosi asubuhi mama aliamka na nafuu. Alitaka dada yake. Daktari naye aliandika dawa ya sindano ambayo hospitali haikuwa nayo, akasema nitaipata mtaa wa Asiatique, kwenye duka moja la dawa kule kwenye maduka ya Waarabu. Nikampigia mama mkubwa aje na uji. Mpango wangu ulikuwa huu: nitoke, nimkabidhi kadi yangu mlangoni, aingie yeye, mi niende kutafuta dawa.

Watu wakinisikiliza mahali hapa huniuliza, kwani hukujua kwamba sura yako ndiyo itakayotokea? Nilijua. Nani angejua kuliko mimi? Lakini nilitegemea mlinzi asijali. Nilikuwa nimetunga sheria ya kuwabana watu wote, na moyoni nilidhani ikinifikia mimi itakuwa imelegea kidogo, kama mambo mengi yanavyolegea kwetu. Sijui nilipata wapi imani hiyo. Nilimkabidhi mama mkubwa kadi barabarani, nikambusu, nikaondoka bila kungoja kuona kama amepita.

Mabasi hayakuwapo. Nilitembea. Duka lilikuwa limejaa watu wenye karatasi mkononi kama mimi. Ndipo simu ikalia.

"Mi niko kwa mulango," mama mkubwa akasema. "Wananikataza. Wanasema sura si yangu."

"Mpe mlinzi simu."

Mlinzi alikuwa kijana mpole, sauti yake haikuwa na kiburi hata kidogo. "Shefu, mashini inaonyesha mwanaume. Huyu ni mama."

"Ni dada wa mgonjwa. Mwache apite."

"Nikimuacha, mashini inaandika kwamba ni mi nimemuacha. Mwenzangu alifukuzwa kazi juu ya hiyo."

Hilo nalo nililiweka mimi. Wakubwa walikuwa wameomba, na nililiongeza siku moja, baada ya chai. Nikavuta pumzi. "Sikiliza, kaka. Hiyo programu ni mi ndo niliitengeneza."

Akasema, "Basi, shefu, we unaijua vizuri kuliko mi."

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anangoja nimwambie la kufanya, na mi sikuwa nalo. Nilitengeneza mlango usio na ufunguo wa dharura, kwa sababu ufunguo wa dharura ungechafua mchoro. Nikamwomba amrudishie mama mkubwa simu. Nikamwambia akae hapo hapo, nakuja. Mbele yangu dukani walikuwa wamebaki watu wachache. Nikafikiri, mama ameamka na nafuu, dawa ndiyo muhimu, nikitoka kwenye mstari nitaanza upya. Nikabaki. Nimejiuliza mara nyingi kama ningekimbia wakati ule ningewahi. Kwa saa walizoandika wauguzi, ningewahi.

Niliporudi, shati limelowa, nilimkuta mama mkubwa ameketi kwenye ukingo wa barabara mbele ya geti, termosi ameifunga kwenye kitenge na kuipakata. Alinipa kadi kabla sijafika. "Kimbia, mutoto wangu," akasema. "Uji iko moto bado." Nikaipitisha kadi, sura yangu ikatokea, mlinzi akasogea pembeni.

Yule mama wa milimani alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mama yangu. Mgonjwa wake mwenyewe alikuwa kitanda cha pili, amelala, ameachwa. Shuka la mama lilikuwa limevutwa mpaka juu. Nilisimama na kile kifuko cha dawa mkononi. Alinielekeza nikae, kisha akanisimulia, Kirundi na Kiswahili pamoja, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea.

Alisema mama aliamka, akamwuliza dada yake yuko wapi. Yeye akamjibu anakuja. Baada ya muda akauliza tena. Halafu pumzi zikabadilika, yule mama akaenda kumtafuta muuguzi, akakuta muuguzi ana mgonjwa mwingine anayetapika damu, akarudi mbio. Mama yangu alikuwa amefumba macho, bado anauliza.

"Nikaona ataenda akiwa anauliza," akasema. "Nikamuambia, ndiyo, ni mi, nimefika. Nikamushika mukono. Akasema, soma. Mi sijui kusoma yenu. Nikamuambia, soma we, mi nafuata. Akasoma pole pole, na mi nikafuata nyuma. Sijui nilisema nini." Akanitazama, macho yamejaa. "Kama nimekosa kwa dini yenu, munisamehe."

Nililia kama mama alivyotabiri, ila hapakuwa na mtu tena wa kumchanganya.

Nilipotoka kumwambia mama mkubwa, hakuhitaji kuambiwa. Alinitazama usoni, akaweka termosi chini. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo linanitoa usingizini: mgonjwa akishakufa, mashini haiulizi kitu. Sikuwa nimeandika kikomo chochote kwa ajili ya maiti. Mlinzi alifungua geti wazi kabisa. Mama mkubwa aliingia bila kadi, majirani wakaingia, wajomba, wanawake wa msikitini, watu hata ishirini, korido ikajaa, na hakuna aliyeulizwa sura.

Nilimweleza mama mkubwa alichofanya yule mama. Alimwendea, akapiga magoti mbele yake palepale sakafuni, akamshika mikono yote miwili. Baadaye tulipomzika, yule mama hakuweza kuja. Alikuwa peke yake na mama mkwe wake, kadi ni moja.

Jumatatu nilibadilisha. Kwenye ncha ya mstari niliifuta 1, nikaandika 1..*, yaani mmoja au zaidi, bila kikomo. Nilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Mkurugenzi alipinga, akasema tumerudi kwenye vurugu. Nilimwambia mambo ambayo mteja haambiwi. Tulikubaliana watatu kwa kadi moja, na mlinzi akapewa ruhusa ya kuamua kwa akili yake. Yule muuguzi mtu mzima nilikutana naye kwenye ngazi. Alikuwa amesikia. Alinipa pole ya msiba, akanishika bega, akapita. Afadhali angenitukana.

Nyumbani sikusema kitu. Siku zote za matanga, wanawake walikaa kwenye mikeka wakisimulia jinsi dada mtu alivyozuiwa mlangoni, na kila anayeingia alisimuliwa upya. Wakamlaani mlinzi, wakailaani mashini, wakamlaani huyo mutu aliyeitengeneza, mutu asiye na mama. Mi nilikuwa napitisha maji ya kunawa. Mama mkubwa hakulaani. Alisema tu, "Alifikiri nini, huyo mutu? Ningependa kujua alifikiri nini." Aliyasema hayo mara nyingi, kwa sauti ya kutaka kweli kujua.

Nilivumilia mpaka karibu na hitma ya arobaini. Asubuhi hiyo tulikuwa wawili uani, sinia la mchele katikati yetu, anachambua mawe. Nikamwambia. Nilimwambia yote, visanduku, mstari, mkutano, kicheko, simu na mlinzi. Nilimchorea hata kwa kidole kwenye vumbi ili aone. Mikono yake haikusimama.

"We ndo uliandika moja," akasema.

"Ni mimi, mama mkubwa."

"Uliuliza nani?"

"Wakubwa wa hospitali."

"Wao walilala siku gani chini kwa mukeka?"

Akatupa jiwe moja pembeni, akaendelea.

"Mi nililala pale na mama yako wiki mbili, siku za kukuzaa we. Nilimulinda baba yako mpaka akafa. Nilimulinda mume wangu. Nimelinda watoto wa majirani, hata sikumbuki wangapi." Hakuwa na hasira. Ningevumilia hasira. "Kila mulango wa pale naujua, na kila zamu. Ungeniuliza, mutoto wangu."

Ni kweli. Mchoro ule niliuchorea nyumbani, kwenye meza ya kulia. Kila jioni aliniletea chai, akasogeza karatasi zangu apate pa kuweka kikombe, akaniuliza kama kazi inaenda, na mi nilimjibu kwamba inaenda vizuri.